Leseni ya Emilian

Basi la Mbeya lilipoingia stendi ya Tabora, Mektilda hakutafuta gari la kwao Urambo. Begi la nguo alilikabidhi kwa mkata tiketi, akabaki na kompyuta mgongoni, akashika njia ya sokoni kwa miguu. Tangu Sikonge alikuwa akipanga maneno, akiyapangua na kuyapanga upya, na kila alipoyarudia yalizidi kuwa makali.

Alikuwa anakwenda dukani kwa Emilian, mtoto wa shangazi yake Advera.

Mwaka uliotangulia, Mektilda alipopata nafasi ya kusomea usanifu majengo, nyumbani hakuna aliyejua mwanafunzi wa fani hiyo anahitaji nini. Baba yake, mzee Xavery, alijua tumbaku. Mama yake Getruda alijua tumbaku na kanisa. Lakini ukoo ulikuwa na Emilian, aliyesoma mambo ya kompyuta Dar es Salaam, akarudi kufungua duka karibu na zile nyumba za zamani za Waarabu. Mzee Xavery akampigia simu. Emilian hakusita: mwanafunzi wa usanifu asiye na kompyuta nzito na programu ya kuchorea yenye leseni ya kudumu hamalizi hata muhula wa kwanza. Kompyuta angewatafutia yeye, na leseni angewauzia yeye, kwa bei ya undugu.

Bei ya undugu ilikula maksai mzima. Xavery alikuwa na wawili wa kulimia. Akamuuza yule mwekundu, leseni ikalipwa, na msimu ule akalima kwa kuazima, akisubiri wenye ng'ombe wamalize mashamba yao kwanza.

Chuoni, muhula wa kwanza hakuna aliyeambiwa afungue kompyuta. Mwalimu aliwataka wachore kwa mkono. Walitakiwa kuwa na ubao wa kuchorea, rula ya T, pembetatu, rula ya skeli, kalamu za wino na zile karatasi nyembamba zinazopitisha mwanga. Mektilda hakuwa na hata kimoja, maana hela zote zilikuwa zimeishia kwenye leseni. Akawa mtu wa kuazima rula wenzake wanapokwenda kula.

Muhula wa pili kompyuta zikafunguliwa. Mektilda alichagua kuchora tembe la bibi yake kule Uyui, nyumba ya kale ya Kinyamwezi yenye paa bapa la udongo. Aliipima mwenyewe wakati wa Pasaka, ukuta kwa ukuta, nguzo kwa nguzo, akaingiza vipimo vyote kwenye programu ya Emilian. Wiki ya kukusanya kazi, programu ikajifunga. Maandishi mekundu yakatokea: leseni hii si halali. Mwenzake Samweli aliikagua, akatikisa kichwa.

"Hii imevunjwa kufuli, dada. Ni ya wizi, na imekuja na kirusi. Mafaili yako yameliwa. Kwani uliinunua?"

"Tuliinunua."

"Mbona kampuni yenyewe inawapa wanafunzi bure? Unathibitisha tu kwamba uko chuo, kila mwaka."

Samweli alimsaidia kujiandikisha, na programu halali ikaingia kabla chai yao haijapoa. Michoro ya tembe haikurudi. Mektilda alikusanya nusu ya kazi, akapewa alama za nusu ya kazi, na hakulia. Alikata tiketi ya Tabora.

Dukani alimkuta Emilian na wateja. Mzee mmoja mwenye koti alikaa mbele ya meza, bahasha mkononi, na pembeni yake binti aliyekaza macho kwenye kompyuta mpya mezani.

"Hii ni ya kudumu, mzee Ngassa," Emilian alikuwa anasema. "Unanunua mara moja, mtoto anaitumia mpaka anastaafu."

Maneno yote aliyokuwa ameyapanga Mektilda yakamtoka kichwani. Hayo ya Emilian ndiyo aliyoambiwa baba yake, bila kubadilishwa hata nukta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti."

"Usitoe hiyo hela."

Emilian akacheka, akainuka. "Mektilda, karibu, mbona hukusema unakuja? Mzee, huyu ni mdogo wangu, anasoma usanifu hukohuko anakokwenda Leonia."

"Ni kweli," Mektilda akasema. "Na hiyo leseni anayokuuzia, mimi nilishauziwa."

Akaeleza. Alitaka kueleza taratibu, lakini sauti ilimpanda, na wapita njia wakaanza kupunguza mwendo mlangoni. Mzee Ngassa alimsikiliza huku akimtazama kwa mashaka.

"Mnasema ninyi ni ndugu," akasema. "Mimi nimetoka Nzega. Nitajuaje kama hamna ugomvi wenu wa nyumbani, mnataka kuniingiza?"

Swali lilikuwa la haki, na hilo lilimwongezea hasira. Akafungua kompyuta yake juu ya meza ya Emilian bila kuomba ruhusa, akaiunganisha na simu, akatafuta ukurasa wa kampuni yenyewe, akamgeuzia yule binti.

"Usinisikilize mimi. Soma."

Leonia alisoma kimya, midomo ikitembea. "Baba, inasema wanafunzi ni bure."

"Bure," Emilian akadakia. "Na umeme ni bure? Bando ni bure? Nani anakaa kuwawekea?"

"Ungesema unauza kazi ya kuweka, baba angekulipa kazi ya kuweka," Mektilda akasema. "Ulisema unauza leseni. Baba yangu sasa anaazima ng'ombe wa kulimia."

Mzee Ngassa akairudisha bahasha ndani ya koti. Hakumshukuru mtu. Aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, sasa anunue nini. Mektilda akamwambia aanze na vifaa vya kuchorea kwa mkono, vya kawaida vinatosha. Kompyuta isubiri mpaka Leonia aulize idarani inatakiwa yenye uwezo gani. Hata ya mtumba itafaa ikiwa na memori ya kutosha, ila aijaribu mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Kama anataka kujifunza mapema, ziko programu kama FreeCAD na Blender ambazo ni bure kwa kila mtu.

Walipotoka, Emilian alifunga mlango nusu.

"Umenifukuzia wateja mbele ya mtaa mzima. Tutaonana mbele ya wazee."

Simu yake ilifika Urambo kabla ya Mektilda. Alimkuta baba yake amekaa kwenye kigoda, hata salamu aliipokea akiangalia chini.

"Umemwaibisha mtoto wa dada yangu mbele ya watu baki."

"Na alichotufanyia yeye kinaitwaje, baba?"

"Kinaitwa jambo la ndani."

"Yule mzee wa Nzega naye ni wa ndani?"

Mektilda alikuwa ameizoea hasira ya kudanganywa, alikuwa amekaa nayo tangu chuoni. Hii ilikuwa nyingine. Mtu aliyeibiwa alikuwa anamlinda mwizi kwa upole uleule aliotumia kufunga mizigo yake ya tumbaku.

Jumapili baada ya misa, shangazi Advera alikuja kutoka Isikizya pamoja na mwanawe. Emilian alizungumza vizuri, alikuwa na kipaji hicho. Alisema anawapenda, anamsamehe mdogo wake, anachotaka ni neno moja tu la radhi.

"Shangazi," Mektilda akasema, "kwa kupaza sauti mbele ya wageni, naomba radhi. Kwa nilichosema, siombi."

Mzee Xavery akafumba macho. Ndipo mama Getruda, aliyekuwa akigawa chai, akaweka birika chini.

"Wifi, unajua yule maksai mwekundu alikwenda wapi?"

"Niliambiwa aliuzwa kwa ajili ya ada."

"Alikwenda kwa mwanao. Mzima mzima."

Advera alimgeukia Emilian. "Hicho ulichowauzia, wewe ulikinunua wapi?"

Emilian akaanza kueleza habari za soko, gharama, jinsi biashara ya mjini ilivyo ngumu.

"Nimekuuliza ulikinunua wapi."

"Sikukinunua, mama."

Advera hakunywa chai. Aliaga kwa kushika mikono ya kila mtu, akatangulia kwenye gari.

Wiki iliyofuata maksai mwingine aliletwa Urambo, mdogo wa mwili lakini mzima, kutoka kwenye zizi la Advera mwenyewe. Mektilda alimwomba baba yake asimpokee.

"Ng'ombe wa shangazi wenyewe ni wachache. Aliyekula ni Emilian."

"Dada yangu ameleta kwa mkono wake," baba akasema. "Nikimrudisha, nitamtazamaje?" Akamfunga karibu na mwenzake. Jioni ile alijaribu kumweleza Mektilda jinsi atakavyomfundisha yule maksai kuvuta jembe, na Mektilda akaondoka katikati ya maneno.

Alirudi chuoni Oktoba. Stendi ya Tabora, akisubiri basi la Mbeya, alimwona Emilian anakuja na mzigo mrefu uliofungwa kwa karatasi. Aliufungua mwenyewe: ubao wa kuchorea, rula ya T, pembetatu mbili, kalamu za wino.

"Nimekutafutia," akasema. "Tuyamalize, mdogo wangu."

Mektilda alivitazama. Alivihitaji, na kwa hesabu yoyote ya haki vilikuwa vyake tangu mwaka jana. Akavichukua. Asante hakusema.

"Bado ng'ombe wa shangazi," akamwambia.

Emilian akacheka kama aliyesikia utani. Mektilda hakucheka. Alisubiri mpaka kile kicheko kikamwishia mdomoni, kisha akapanda basi na ubao wake kwapani.