Ngazi Yenye Fursa

Kiwandani kwetu, huku kaskazini mwa Wisconsin, neno "kasoro" lilipigwa marufuku mwezi wa tano. Meneja mpya, Kyle Hostetter, alirudi kutoka semina na maboksi mawili ya donati, akatangaza kwamba kuanzia leo hakuna kasoro, kuna fursa. Na kweli, tangu hapo namba kwenye ubao wa "Siku Bila Kasoro" ikawa inapanda tu. Kitu kisicho na jina utakihesabuje?

Tunatengeneza ngazi za alumini, zile za kukunja (za mbao tuliacha zamani, imebaki moja tu stoo), na mimi ni mpiga ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia vidato. Zamani kila kidato kilipata ribiti tatu kila upande. Makao makuu wakaibuni upya ngazi, zikabaki mbili, wakaijaribu kwa kuipakia mfuko wa saruji. Ikasimama imara. Lakini mfuko wa saruji haujinyooshi kubadilisha balbu.

Juu ya benchi langu inaning'inia kamba nyekundu. Yeyote akiivuta, kazi yote inasimama na ubao unarudi sifuri. Hakuna aliyeivuta, maana tukifika siku ya mia mbili tuliahidiwa mapumziko Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, na kwetu mtu yuko radhi kukosa harusi ya binti yake kuliko kukosa msimu. Mkono wangu ulijua ribiti mbili hazitoshi. Nikafyata mkia, na naona aibu hata sasa.

Mkaguzi wa mwisho ni Verna Lindqvist, miaka thelathini na moja kazini. Muhuri wake ni namba 14, na kila ngazi huondoka nao. Hata kanisani watu humwambia, "Kumi na Nne, ngazi yako bado inanibeba!" Mama wa watu hufurahi wiki nzima.

Siku ya 199 alikanyaga kidato, kikalia. Akakanyaga cha ngazi nyingine, ribiti ikachomoka. Akatia muhuri mfukoni.

"Kyle, mwanangu, hizi sigongi."

"Mama, kesho mkurugenzi anakuja kuona mia mbili. Usinitie aibu."

"Zina kasoro."

"Fursa."

"Haya. Mtu akianguka, atavunjika kiuno au atavunjika fursa?"

Tuliangua kicheko. Kyle hakucheka. Alimpa mpaka kesho saa nne asubuhi: agonge ngazi zote mia tatu zilizokuwa zikisubiri, au arudishe muhuri apewe mwenye moyo wa ushirikiano. Verna alikula sandwichi yake peke yake, mkono mmoja mfukoni.

Kesho yake mkurugenzi, Bi Haldane, alifika na koti la maana. Kyle alishika kibao cha 200, akatazama msumari wa ubao ulio juu kule karibu na dari.

"Leteni ngazi!"

Verna akaburuta moja kutoka kwenye zile mia tatu, akaifungua mbele yake.

"Panda, mwanangu. Ukifika juu ukashuka salama, nagonga zote sasa hivi."

Kyle akacheka kidogo. Akaweka mguu kidato cha kwanza. Akaweka cha pili, kikalia. Alibaki pale amekumbatia kibao chake, kisha akashuka taratibu.

"Ile ya mbao iko wapi?" akanong'ona.

Bi Haldane akasikia. "Ya mbao ya nini? Si hii hapa?"

"Hii, bosi..." Kyle alikishusha kibao. "Hii ina fursa."

Hakuna aliyecheka. Verna alikuwa amefumba mkono juu ya ule muhuri, nami nikaona haya kwamba mama wa miaka hamsini na nane anatupigania peke yake kwa sababu sisi tunataka kulungu. Nikavuta kamba.

Mashine zilinyamaza zote. Wenzangu walinitazama kwa macho ya kunichuna ngozi.

"Umeona nini?" Bi Haldane akaniuliza.

"Kasoro," nikasema.

Hakuna ngazi iliyotoka siku ile. Jumatatu ya msimu tulikuwa kazini, tunaongeza ribiti ya tatu, na hakuna aliyenisalimia isipokuwa Verna. Kibao cha sifuri alikitundika Kyle mwenyewe. Alipanda ile ya mbao, imechakaa mpaka rangi imetoka, lakini ubavuni muhuri wa 14 bado unasomeka.