Mdhamini Wangu wa Mtae

Nianze kwa kusema mimi si mgomvi. Wanaonijua watabisha, lakini anayesimulia ni mimi.

Mwaka 2005 kampuni moja ya watalii ya Arusha ilitafuta mtu wa kukaa Lushoto mjini, apokee maombi ya wageni kwa imeli, awapangie waongozaji na vitanda njiani mpaka Mtae, kijiji cha ukingoni mwa milima. Kazi hiyo niliitaka kufa na kupona. Kompyuta nilijifunza mwenyewe kwenye intaneti kafe ya karibu na stendi, nusu saa nusu saa, mpaka mwenye kafe akawa ananiachia funguo. Nikiikosa, narudi kwenye kabichi za kaka yangu kule Irente, na wifi yangu ana mdomo, Mungu anisamehe.

Usaili ulikuwa kwa simu, na meneja aitwaye Clemence. Nilijibu vizuri, sifichi. Mwisho akasema, “Jenoveva, bado kitu kimoja tu. Nipe namba ya mtu uliyewahi kumfanyia kazi, nimwulize habari zako.”

Nani mwingine kama si Mzee Sefania wa Mtae? Miaka sita niliendesha nyumba yake ya wageni kule juu. Nilipika, nilipokea wageni, nilitoka kumtafuta Mholanzi aliyepotelea kwenye ukungu. Niliacha kazi mama yangu alipougua, nikashuka kumuuguza, na tuliagana vizuri. Nikatoa namba yake, nikalala fofofo.

Siku ya tatu nikafungua imeli. Tunasikitika, imeandikwa, mdhamini wako hakukuunga mkono. Nikaisoma mara nne. Nikampigia Clemence palepale.

“Dada, ningefanyaje?” akasema. “Nilimwuliza kama unafaa. Akanijibu, ‘Aa, anajaribu.’ Nikamwuliza kama u mwaminifu. Akasema hajasikia neno. Nikamwomba aseme basi jambo moja la kukusifu, akasema hana.”

“Nipe mpaka kesho.”

“Kesho saa tisa mchana nampa mwenzako barua.”

“Kabla ya saa tisa utasikia simu yangu.”

Asubuhi nikapata lori la mboga lililokuwa linarudi juu tupu. Barabara ya Mtae ina mashimo ya kumnyamazisha mtu yeyote, lakini siku hiyo mimi nilisema mwenyewe njia nzima, dereva akaona bora avute sigara yake.

Mzee Sefania alikuwa barazani anachambua maharage. Hasira nilikuwa nazo tele, ila shikamoo ni shikamoo. Nikapiga goti kidogo, nikaamkia.

“Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?”

“Mama hajambo. Mgonjwa ni mimi, na umeniua wewe, Baba! Kazi nimeikosa kwa ajili ya mdomo wako.”

Ungo ulimtoka mkononi. “Mdomo wangu? Mbona nilikusema vizuri kabisa?”

“Ulisema najaribu!”

“Sasa ulitaka nisemeje?” Naye akapandisha sauti. “Mtu simjui uso wala ukoo, ananiuliza habari za mtoto wa watu. Nikianza kumwaga sifa si ataniona dalali? Hata wanaokuja hapa kuulizia mchumba, wakisikia jirani anasifu mno, wanakunja miavuli yao wanaondoka. Wanajua kuna kasoro inafichwa. Chema chajiuza, mwanangu.”

Alisema kweli. Kwetu mtu akisema unajaribu, na watu wamemsikia, unaweza kuozwa kwa neno hilo. Hata mimi ningeulizwa habari za mtu ningejibu hivyohivyo.

“Chema chajiuza gulioni Mlola, Baba,” nikasema, “ambako watu wanakishika na kukigeuza. Arusha watanishika wapi? Wana simu na mdomo wako, basi.”

“Siwezi kukusifu. Hata mke wangu sijamsifu, na huu mwaka wa arobaini.”

“Usinisifu. Sema kweli iliyo moyoni mwako. Lakini sasa hivi, saa nane imepita!”

Mtandao ulikuwa unapatikana nyuma ya kanisa tu, ukingoni, ambako mzee alikwenda kila jioni kusikiliza simu zake. Nikamkokota mpaka pale, nikapiga, nikampa simu. Simu yangu ilikuwa na sauti kubwa, kila neno lilisikika.

“Mzee, nakusikiliza,” alisema Clemence.

Mzee Sefania akavua kofia, kana kwamba meneja anamwona.

“Bwana, nina ombi. Huyu binti msimchukue.”

Nikanyoosha mkono nimnyang'anye simu, akanigeuzia mgongo.

“Nirudishieni mimi,” akaendelea. “Tangu aondoke nimeweka watu watatu. Mmoja mlevi. Mmoja aliwalaza wageni kwenye mashuka mabichi. Wa tatu ni mpwa wangu, huyo simsemi. Wageni wanafika na jina la Jenoveva kwenye karatasi, wameambiwa na wenzao huko Ulaya. Wakisikia hayupo, kesho yake wanaondoka. Nyumba yangu inakufa, bwana. Nimeona haya kumwomba arudi, kwa kuwa ana mgonjwa. Kama hamjamwandikia, tafadhali, msimwandikie.”

Clemence akamwuliza:

“Mzee, mbona juzi hukuniambia haya?”

“Juzi uliniuliza kama anafaa. Hukuniuliza kama namhitaji.”

Clemence akaomba nipewe simu. “Dada,” akasema, “barua yako naituma sasa hivi. Jumatatu uanze.”

Nilishangilia, nisiseme uongo. Nilirukaruka pale nyuma ya kanisa kama sina akili. Halafu machozi yakanitoka. Miaka sita nilidhani mzee huyu hanioni, ananihesabu pamoja na viti vyake.

Alikuwa amesogea pembeni wakati naongea, kwa adabu, asisikilize maneno ya watu. Sasa akaja, kofia bado mkononi, uso umemchangamka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

“Naona unafurahi,” akasema. “Amekubali kukurudisha kwangu?”

Nikamshika mkono, nikamwambia. Akavaa kofia yake, akasema nikamsalimie mama.