Mlango wa Studio

Tulikuwa wageni watatu katika nchi ya watu, na riziki yetu ilitoka hotelini. Kaka yangu alipuliza saksafoni, mimi nilipiga ngoma, na gitaa la besi lilikuwa la jamaa tuliyemwita Mchungaji, kwa sababu akipiga hufumba macho kama anaomba. Meneja wa hoteli alikuwa na amri moja: mlango wa ukumbi ukifunguliwa, shusheni sauti, wateja wanaingia kula. Miaka ikapita hivyo. Mlango unafunguka, sisi tunanywea.

Ndipo kampuni ndogo ya santuri ikampa Kaka studio kwa siku moja, arekodi jazi yake mwenyewe. Muziki wenyewe haukushika mdundo mmoja. Ulipanda, ukagongana, ukapiga mayowe. Hakuna hoteli ambayo ingeuvumilia.

"Mdogo wangu, leo ikikwama," akaniambia tukishusha ngoma garini, "nitazeeka nikisindikiza supu za watu."

Hakuwa anatania.

Studio ilikuwa chumba chenye mazulia ukutani na dirisha la kioo. Nyuma ya kioo alikaa fundi wa sauti, mama mmoja mcheshi. Tukaanza, tukawaka kwelikweli. Lakini maikrofoni ya besi ilikuwa na tabia ya kuinama, naye fundi akafungua mlango anyate aje kuinyoosha. Sote tukanywea kwa pamoja. Hakuna aliyeamua, mikono ilishuka yenyewe.

"Mbona mmezima?" akauliza. "Nimekosa nini tena?"

Tukarudia. Maikrofoni ikainama, mlango ukafunguka, tukanywea vilevile. Mchungaji akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mikono ni yangu, ngoma ni zangu, na anayeniamuru hata hayumo chumbani!

Kaka akaweka saksafoni chini. "Wametufuga," akasema. "Tufungashe tu."

"Thubutu!" nikamjia juu. "Hujanileta huku nije kupiga picha na ngoma. Chukua hiyo saksafoni upulize."

"Dada amesema," akadakia Mchungaji. "Mimi simo kabisa."

Safari hii fundi aliifunga maikrofoni kwa kitambaa chake cha kichwani, akatoka. Tukaanza upya. Tulikuwa tumefika juu kabisa, pale wimbo unapochanika, mlango ukalia. Hakuwa fundi. Alikuwa meneja, na tai yake shingoni na viatu vyake vya kung'aa. Alikuwa na wageni wa heshima jioni hiyo, akaja mwenyewe kutuzoa mapema.

Mkono wangu wa kulia ukaanza kushuka. Niliuona, nikaukatalia. Nikalishushia toazi kipigo kwa nguvu zangu zote. Kaka akageuka, akamwelekezea meneja mdomo wa saksafoni, akatoa yowe refu ambalo sijawahi kulisikia kwake wala kwa mtu mwingine. Mchungaji akafumbua macho, akamkodolea meneja, akazidi kuzikong'ota nyuzi. Meneja alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Hatukusikia neno. Mwishowe akarudi kinyumenyume na kuufunga mlango mwenyewe, taratibu, kama aliyeingia chumba kisicho chake.

Tulipiga mpaka wimbo ukaisha ulipotaka kuisha.

"Mlio wa mlango umeingia kwenye rekodi," fundi akasema kwenye spika. "Niukate, au mnarudia?"

"Ukiukata nitalia," Kaka akajibu, na machozi yalikuwa tayari yanamtoka.

Akatuchezea tulichorekodi. Tukasikia bawaba ikilia, kisha sisi. Sauti haikushuka hata kidogo. Ilipanda, na Kaka akanikumbatia pamoja na vijiti vyangu.

Tulipotoka, meneja alikuwa bado kwenye korido, amenuna, akisubiri kutufukuza. Kaka akamwahi, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa dhati kwa mchango wake kwenye santuri. Yule bwana akatuachisha kazi palepale, sote watatu, na sijawahi kufurahi kama siku ile.