Vichekesho vya Kabatini

Msimu wa karafuu wa mwaka hamsini na nane, barazani kwa Bi Kazija, pale Wambaa, palitandikwa jamvi moja refu. Kila baada ya sala ya alasiri jirani walikaa hapo kuchambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, huku. Kabati la vioo lilikuwa limetolewa nje kuyapisha magunia, likaegemezwa ukutani. Siku ya pili yake wakatokea watoto mle kabatini, wakaanza kuigiza.

Walikuwa watoto wa pale pale, wadogo kama vijiko, ilhali wenyewe wako jamvini wanachambua. Mwanzo walionekana viuno kwenda juu tu, kwa sababu ya sahani. Bi Kazija akaziondoa sahani.

"Angalau sasa wana miguu," alisema.

Basi ikawa kila alasiri kichekesho kimoja. Leo mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na mkaa. Kesho viatu vya Idi vilivyonunuliwa vikubwa ili vidumu, mtoto akigeuka, viatu vinabaki vimeelekea kibla. Miaka mingi baadaye, televisheni zilipofika kisiwani, watu wa Wambaa walilalamika tu kwamba zina kelele, na watoto wake hawajui kuchekesha.

Aliyecheka kuliko wote ni Silima, mtoto wa kiume wa Bi Kazija, aliyekaa naye nyumba moja. Silima alikuwa amechora mstari wa mkaa kwenye mwimo wa mlango wake: siku kichwa cha binti yake Mwanapili kitakapoufikia, basi huyo ni mwari, akae ndani. Mwanapili alikuwa darasa la tano, na alitaka kitu kimoja tu: msimu ukiisha na skuli ikafunguliwa, arudi.

Alhamisi moja akatokea Mwanapili wa kabatini, amevaa ndevu za makumbi ya nazi na kofia ya babaake, anachora mstari mlangoni. Binti yake, aliyeigizwa na Hamad wa jirani kwa buibui, akawa anapita amekunja magoti. Akaenda skuli amekunja magoti. Akaruka kamba amekunja magoti. Mwisho yule baba akamvuta masikio kwenda juu, kama anang'oa muhogo.

Silima akacheka mpaka kahawa ikampalia.

"Yakhe Jecha, umeonekana!" alimwambia jirani yake. "Ndevu zako hizo!"

"Mie n'na wana wa kiume watupu," alisema Jecha. "Wa nini mstari?"

"Basi huyo mtu wa Fundo. Kule wapo wa namna hiyo."

"Na kofia yako kaipata wapi, huyo wa Fundo?" aliuliza Bi Kazija.

"Kofia zinafanana, mama."

Mwanapili hakuinua macho. Aliendelea kuchambua.

Skuli ilipokaribia kufunguliwa, Silima akamwita mlangoni. Mwanapili akaja amekunja magoti.

"Simama sawa, mwanangu. Usiige upuuzi wa kabatini."

Akasimama sawa. Nywele zikaugusa mstari. Babaake akampapasa kichwa kwa mapenzi, na skuli ikaishia hapo.

Karafuu zikaisha, magunia yakaondoka, kabati likarudishwa ndani. Hilo lilimfaa Mwanapili, kwa kuwa naye alikuwa ndani. Vichekesho havikukatika. Mwanapili wa kabatini hakuzidi urefu wa kijiko, hakuna mstari alioweza kuufikia, kwa hiyo aliendelea na skuli. Alipoandika hesabu ubaoni alisogea kando ili mwenzake wa nje ya kioo aione, na mwenzake akainakili kwa mkaa nyuma ya mlango.

Jioni moja Silima alitazama kabatini, akapangusa machozi ya kicheko.

"Mtoto yule ana akili," alisema. "Wallahi ningejaaliwa binti kama yule, ningemsomesha mpaka Unguja."

"Mungu atakujaalia, baba," alisema Mwanapili. Akammiminia kahawa, kisha akasogea kidogo asimzibie kioo.