Mahali pa Tepe

Nahla aligeuza mkono wa lile koti kuukuu, akausogeza dirishani penye mwanga. Chini, magari ya Barabara ya Huanshi, katika mji huu wa Wachina, yalipigiana honi. Kijani cha kitambaa kilikuwa kimepauka, ila chini ya kiwiko palibaki michirizi mitatu iliyokoza, kana kwamba jua lilikatazwa kufika pale.

"Babu yako alikuwa nani vile?" aliuliza bila kuinua macho.

"Mkulima," alijibu Fintan, Mwairishi aliyewahi kufundisha Kitui akaokota Kiswahili. Alitaka ashonewe koti jipya mfano wa lile la babu yake, la kutundikwa kwenye maonyesho ya kijiji chao.

"Mkulima mwenye tepe tatu?"

Bimdogo, mwenye chumba na cherehani, alikohoa. "We Nahla, nimekuweka ushone au uhoji? Huyu mteja, si mshtakiwa."

"Dada, anayeficha nguo ya askari ana lake jambo." Aliweka mkasi chini. "Sikati mpaka aseme."

Fintan aliutazama mlango kwanza, kisha akasimulia. Babu alikuwa sajini wa polisi wa mashambani, enzi Mwingereza akitawala Ireland. Yeye na wenzake walikaa kambini na bunduki, wakasimamia Wairishi wenzao wakitolewa majumbani. Askari hakupangwa kamwe wilaya ya kwao. "Asije akamhurumia shangazi yake." Kikosi kilipovunjwa mwaka 1922, akarudi kijijini. Kanisani hakuna aliyekaa benchi lake. Jirani aliona heri amwage maziwa kuliko kumuuzia. Bibi akazifumua tepe, koti likawa la kulimia viazi, na wajukuu wakafundishwa neno moja: mkulima.

"Na kijijini wanajua?"

"Wanangoja koti la mkulima."

Nahla aliipapasa ile michirizi. Kule kwao Likoni, mama yake huwaambia majirani kwamba Msabaha, kaka yake Nahla, ni mpishi melini. Msabaha ana ngao na bunduki, yuko kikosi cha kutuliza ghasia, mbali na kwao. Majirani walipoanza kuuliza ni meli gani, Nahla ndiye aliyeitungia jina.

"Koti nitashona," alisema. "Tepe je?"

Fintan aliutazama tena mlango.

Nahla akachukua chaki, akachora tepe tatu kwenye kitambaa kipya, mahali pa mkono, taratibu. Kisha akaweka mezani, mbele ya mgeni, uzi wa kuzishonea na brashi ya kufutia chaki.

Honi ziliendelea. Hakuna aliyenyoosha mkono.