Mguu wa Baba na Kisanduku cha Breki

Tangu pikapu iserereke kwenye mteremko wa hospitali na kulalia ukingo, mama akiwa kiti cha mbele na trei ya mayai mapajani, baba hakugusa tena usukani. Alimkabidhi binti yake funguo kama mtu anayesalimisha silaha. Binti ni fundi magari, gereji yake iko nyuma ya nyumba yao.

"Uza," baba alimwambia. "Walisema kweli wale. Mguu wangu ni mzembe."

Neno hilo lilimchoma fundi kuliko ajali yenyewe, maana alijua lilikotoka. Lilitoka kwenye kampuni ya malori aliyoitumikia baba ujana wake wote. Kila Jumatatu baba aliripoti kwamba breki zimekwisha, na kila Jumatatu meneja alimjibu, "Endesha kiume." Breki zilipogoma kabisa, baba alilikwepa soko lililojaa watu, akaliingiza lori kwenye lundo la mchanga. Wachuuzi walimbeba mabegani. Kampuni ikamfukuza kwa uzembe. Meneja aliagwa kwa keki alipostaafu. Wenye nacho husahau upesi, kwa sababu kusahau hakuwagharimu kitu. Aliyetupwa nje hukumbuka hadi rangi ya kiti ambacho hakukaribishwa kukalia. Na ubaya wa uongo wa wakubwa ni huo: ukirudiwa sana, hata aliyesingiziwa huanza kuukariri.

Fundi hakuuza. Aliunganisha mashine ya kupima, nayo ikamwonyesha ugonjwa: moduli ya ABS, kile kisanduku kinachozuia magurudumu yasijifunge dereva akikanyaga breki kwa nguvu. Akachomoa betri, akafungua mabomba ya breki, akaing'oa moduli pamoja na pampu yake.

"Baba, njoo uone."

"Niko hapa hapa naona."

"Unaona mgongo wangu. Njoo."

Baba akaja akiburuta ndala. Fundi akamwonyesha meno ya soketi: yameota kutu ya kijani, maji yameingia.

"Hiki kilikuwa maiti siku ile. Magurudumu yalijifunga, gari likateleza. Mguu wako umeingiaje hapo?"

"Dereva mzuri angelishika," baba alijibu, akageuka kwenda zake.

Moduli mpya ikakaa mahali pake, mabomba yakakazwa. Ikabaki kutoa upepo kwenye breki, na kazi hiyo ina desturi yake: mmoja akae kitini akanyage, mwingine alale chini na spana, wasemezane kama waimbaji.

"Nahitaji mtu wa kukanyaga," fundi aliita.

"Mwite mama yako."

Mama alikuwa kwenye benchi akichambua mboga. "Mimi? Mimi nimeachana na gari hilo. Talaka tatu."

"Baba, sitaki dereva. Nataka mguu tu. Huo huo."

Baba akapanda kwa kununa. Fundi akajilaza chini ya gurudumu la nyuma.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Mafuta yakatoka na mapovu, fundi akakaza nati. "Achia!"

Lakini mguu wa baba ulikuwa na tabia zake. Kila alipojisahau ulianza kukanyaga na kuachia, upesi upesi, kama wa fundi cherehani.

"Baba! Nani kakuambia upampu?"

"Hakuna. Umeanza wenyewe."

"Ndiyo mume niliyepewa huyo," mama alisema. "Hata usingizini anapampu. Shuka zinajua."

Baba akacheka, kidogo, akashtuka kujisikia anacheka.

Mapovu yalipokwisha, fundi aliirudisha betri, akaitambulisha moduli kwa gari kwa ile mashine, na taa ya njano kwenye dashibodi ikazimika. Akaingia kiti cha abiria, akafunga mkanda.

"Twende uwanjani."

"Nani aendeshe?"

"Nimekaa wapi mimi?"

Uwanja ulikuwa wa kokoto, na katikati fundi alikuwa amesimamisha pipa tupu. Baba akashika usukani kwa mikono miwili, gari likachanganya mwendo.

"Sasa! Kanyaga yote!"

Akakanyaga. Pedali ikatetemeka, ikanguruma chini ya soli. Baba akaondoa mguu kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Inakufa!"

Pipa likaruka pembeni. Gari liliposimama mbele kabisa, baba alikuwa amefumba macho.

"Umeona? Nilikwambia uza."

Hapo ndipo fundi alipoelewa. Kwa mguu ule, pedali inayotetemeka ilikuwa na maana moja tu: lori, mteremko, watu.

"Baba, nisikilize. Haifi. Hicho ni kisanduku kinafanya kazi: kinabana, kinaachia, kinabana, kinaachia. Ulichokuwa unafanya wewe kwenye yale malori mabovu, ila chenyewe kina kasi zaidi. Kazi yako ni kushikilia. Kupampu kiachie chenyewe."

Baba alifumbua jicho moja. "Kwa hiyo waliokitengeneza wameniiga?"

"Wamekuiga, wala hawakukuomba ruhusa."

"Kawaida yao hao!" Hasira ikampanda, ile hasira nzuri ambayo fundi hakuwa ameiona kwa muda mrefu. "Simamisha pipa."

Fundi akashuka kulisimamisha, akapanda tena. Baba akarudi nyuma, akaja kwa kasi kuliko mwanzo. Akakanyaga. Pedali ikatetemeka, taya za baba zikakazana, kokoto zikalia, na mguu ukabaki pale pale. Pikapu ilisimama wima bila kuyumba, pipa likiwa mbele ya boneti halijaguswa.

Vumbi likatua.

"Baba, tumesimama. Waweza kuachia."

"Najua," alisema, mguu bado uko chini. "Niache kidogo."

Mama alikuwa amevuka uwanja na kapu mkononi. Akagonga dirisha la fundi.

"Haya, shuka. Kaa nyuma, hicho kiti kina mwenyewe."

Fundi akapanda nyuma kwenye bodi, akashika chuma, na baba akaingiza gia.