Simba Aliyefungwa kwa Waya

Kitu cha kwanza nilichokiona ni waya.

Nilikuwa ndani ya nyumba ya mama pale Ndanai, nimevaa gauni jeupe na shela, nikichungulia kwenye ufa wa dirisha. Gari la kunipeleka kanisani lilikuwa limeingia uani. Lilikuwa limepambwa kwa baluni, ribini na maua ya bogenvilia kutoka mbele hadi nyuma, hata rangi yake huioni. Katikati ya vyuma vya mbele alikuwa simba wa chuma, alama ya Peugeot, amesimama kwa miguu ya nyuma kama anayetaka kuruka ua. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikaona kwamba simba huyo amefungwa kwa waya wa seng'enge, na kwamba ncha ya mkia wake imekatika.

Nikamtambua. Gari sikulijua, lakini simba nilimjua.

Niliacha shule darasa la sita mama alipougua, na baadaye nikaanza kuuza chai Sotik, kwenye kona ya gereji ya Ogoti. Ogoti ni mtu wa Kisii na ana tabia moja. Kabla ya kufungua boneti hulizunguka gari, hulipiga mgongoni kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha hutaja kwao. "Huyu ni Mfaransa," atasema, "anajua kukaa kwa heshima." Folkswageni ni Mjerumani aliyebeba injini mgongoni kama mama aliyebeba mtoto. Volvo ni mtu wa Uswidi, ambako ukipeleka baridi ya Kericho watu watavua makoti. Fiati ni Mtaliano, sauti kubwa lakini moyo safi. Lendirova ni Mwingereza, atanung'unika njia nzima na atafika. Akifika kwa Toyota, Isuzu au Datsun, Ogoti hupunguza sauti. "Mjapani haongei. Mpe maji tu, anakwenda."

Nilikuwa na daftari. Kila alama niliyoiona mbele ya gari niliichora, na chini yake nikaandika nchi yake. Hakuna aliyejua, isipokuwa Weldon.

Weldon alikuwa kijana wa Chepseon aliyefanya kazi kwenye shamba la maziwa karibu na Sotik. Ndiye aliyeniletea maziwa ya chai. Siku moja aliniuliza lori linalobeba majani chai ni la nchi gani. Mimi huwa siwezi kumjibu mtu nikimtazama, kwa hiyo nikaviambia viatu vyangu: ni Isuzu, kwao ni Japani, na lile kuukuu la pembeni ni Bedford, la Waingereza. Ilinichukua muda mrefu. Weldon alisimama na debe lake la maziwa hadi viatu vyangu vikaambiwa yote. Hakuna mtu aliyewahi kunisubiri hivyo. Hapo nilijua kwamba nikiolewa na mwingine nitakuwa nimepotea.

Wazee wa kwao walikuja kwetu kwa koito, yale mazungumzo ya kuomba binti. Bibi harusi hakai na wazee, kwa hiyo niliyasikia yote kutoka chumba cha nyuma. Mambo ya ng'ombe yakaisha kwa amani. Ndipo Baba Mdogo, ndugu yake baba, akauliza binti yetu atachukuliwa na gari gani. Binti wa jirani alikuwa amepelekwa kanisani kwa pikapu iliyotoka kubeba kabichi, na jambo hilo lilimuuma Baba Mdogo kama alikuwa yeye mwenye gauni. Akasema anataka gari la Ulaya.

"Mtapata Peugeot," ikajibu sauti nene ya upande wao. "Mali ya Ufaransa."

Mwenye sauti alikuwa Kipkurui, mjomba wake Weldon.

Baada ya wiki mbili mtu mwenye kofia alikuja kwa Ogoti akitaka simba wa Peugeot. Hakutaka kifaa kingine. Nyuma ya choo cha gereji kulikuwa na mzoga wa Peugeot ambao kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Ogoti alikuwa chini ya gari, akanituma na bisibisi. Nilipomng'oa yule simba, ncha ya mkia ilibaki mkononi mwangu. Mtu yule akauliza atamfungaje, Ogoti akasema kutoka chini: kwa waya, uuzungushe kulia mara tatu. Mtu akaniambia asante bila kunitazama, nami sikumtazama. Sauti nilihisi nimeisikia mahali. Nikaona haya kuuliza.

Sasa sauti hiyohiyo ilikuwa uani kwetu, ikiwasalimu wazee, na simba wangu alikuwa mbele ya Datsun. Sasa nilikuwa nimeitambua kwa taa zake na kwa umbo la milango. Vijana ambao wangeijua walikuwa kanisani wakipanga viti.

Mambo yangepita hivyo, na mimi ningenyamaza vizuri tu, kama si Kogo.

Kogo ni mama yake baba. Aliolewa katika ukoo wetu, na akaulinda kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake. Macho yake yalikuwa yamefifia, kwa hiyo alitaka kulishika gari kwa mkono kabla ya kumwachia mjukuu wake. Akapapasa taa. Akapapasa maua. Akafika kwa simba, akapapasa manyoya ya shingo, miguu, na ule mkia mfupi. Mkono ukasimama.

"Huyu ni wetu," akasema.

Kwetu kila ukoo una mnyama wake, na watu wa mnyama mmoja ni ndugu. Hawaoani. Mnyama wetu ni simba.

Kipkurui akacheka, akasema hiki ni chuma tu, Kogo. Kogo akamwambia hata kisu ni chuma tu. Akaketi kwenye kigoda mbele ya gari, mkono mmoja juu ya simba, akasema binti wa simba hawezi kuchukuliwa na simba kupelekwa kwa mume, kwa sababu ni sawa na kaka yake kuja kumuoa. Watoto watakaozaliwa, yeye hatawabeba.

Baba Mdogo alikuwa na shida. Peugeot aliitaka yeye. Lakini kati ya Ulaya na Kogo, alimuogopa Kogo. Akamwomba Kipkurui amtoe simba, basi, twende.

Kipkurui alijua kilichokuwa chini ya simba. Akafuta jasho.

"Hatoki," akasema. "Ameunganishwa na injini. Ukimtoa, gari haiwaki."

Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Wafaransa ni watu wa ajabu.

Ikaanza kesi. Mzee mmoja wa kwao akasema gari lina ukoo wa nchi lilikozaliwa, na Ufaransa hakuna simba. Baba Mdogo akauliza kama aliwahi kufika huko. Wakaanza kutaja magari mengine ya kuazima, na nchi zake. Toyota, wakasema, ni ya Waarabu, kwa kuwa zinatoka Dubai. Folkswageni ni ya Wahindi, kwa kuwa mtu wa kwanza kuwa nayo Sotik alikuwa mwenye duka la vitambaa. Volvo ni ya Marekani kwa sababu ni nzito. Lendirova kwao ni Serikali. Fiati ni ya Mapadre, na Mapadre ni Wataliano. Hiyo walipatia, lakini kwa bahati. Jirani yetu Nyamwange, aliyetoka Kisii, akasema ukoo wao ni wa chui, na kwa kuwa hakuna gari la chui, binti zake wataolewa kwa lolote litakalopatikana.

Lipo gari la Waingereza ambalo mnyama wake anafanana sana na chui. Nimemchora ukurasa wa tisa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, na kila kosa lao lilinichoma kama siafu ndani ya soksi. Lakini bibi harusi hasemi siku hiyo, na mimi hata siku nyingine sikuwa nasema.

Mchungaji alikuwa na harusi nyingine Sotik mchana. Alikuwa ametuambia mapema kwamba saa sita ikipita hayupo, na nafasi nyingine ni Desemba. Ilikuwa Agosti, na saa tano ilikuwa imepita. Baba Mdogo akatoa shauri kwamba niende kwa miguu, Peugeot inifuate nyuma ikiwa tupu. Wazee wa Chepseon wakasimama. Wakasema hawakutoka asubuhi yote hiyo kuja kusindikiza gari tupu, na mmoja akaanza kuvaa koti lake. Wakwe wakigeuka langoni kwa hasira, hawarudi Agosti, hawarudi Desemba. Nilimwona Weldon kichwani mwangu, amesimama kanisani na debe la maziwa, akisubiri. Sijui kwa nini nilimpa debe.

Nikafungua mlango.

Bibi harusi anaruhusiwa kitu kimoja, kulia. Nikatoka nikilia kwa sauti, kichwa chini, shela usoni, wazee wakaiacha kesi. Nikaenda hadi kwa Kogo, nikapiga magoti mbele yake kama anayeomba baraka, nikaegemeza kichwa mapajani mwake, naye akautoa mkono kwa simba akaniwekea kichwani. Shela langu likafunika magoti yake na pua ya gari. Wanawake wakaanza kulia nami. Chini ya shela, kwa mkono wa kulia uliovaa glavu nyeupe, nikatafuta waya.

Kuuzungusha ilikuwa kulia mara tatu. Nikauzungusha kushoto mara moja. Nikalia zaidi. Mara ya pili ukakwama, nikalia mpaka mama naye akaanza kuwa na wasiwasi. Mara ya tatu simba akaanguka juu ya jiwe, akalia kama kengele ndogo.

Kogo akapapasa mahali alipokuwa simba. Akapapasa tena.

"Ameondoka," akasema polepole. "Amempisha dada yake."

Nyamwange akashika mdomo. Mzee wa koti akalivua. Baba Mdogo akainama mbele ya gari, akasoma kwa kidole kile kijibango kilichobaki, herufi moja moja, hadi akapata Datsun. Akamgeukia Kipkurui, akauliza Datsun ni mtu wa wapi.

"Ni mdogo wake Peugeot," akasema Kipkurui.

Fimbo ya Kogo ikanyanyuka. "Mdogo wake? Baba mmoja?"

"Hapana, Kogo, hapana. Wa jirani tu. Huyu ni Mjerumani."

"Ujerumani ni Ulaya?" akauliza Baba Mdogo.

"Katikati kabisa."

Baba Mdogo akaridhika. Nikaingizwa garini. Kipkurui akazungusha ufunguo, na Datsun ikawaka mara moja bila neno. Mtoto mmoja wa Nyamwange akasema gari limewaka bila simba. Kipkurui akasema ni nguvu ya maombi, akaondoka kabla hajaulizwa ya nani.

Tulifika kanisani ikiwa imebaki dakika nane. Mlangoni alikuwa Ogoti, amevaa koti la harusi. Aliliona gari, akalizunguka kwa mazoea, akalipiga mgongoni. Baba Mdogo alikuwa amesimama hapo hapo. Ogoti akafungua kinywa kutaja kwao.

Nikainua shela, nikamtazama machoni. Kwa miaka yote niliyompikia chai sikuwahi kufanya hivyo. Akakohoa.

"Gari zuri," akasema, akaingia ndani kutafuta kiti.

Weldon alikuwa hapo mbele, hana debe. Pete ilikwenda mkono wa kushoto, ambao glavu yake ilikuwa safi. Wa kulia ulikuwa na kutu kuanzia kidole gumba hadi kiganja, nikauficha ndani ya maua. Kwenye picha ya harusi hauonekani. Watu wanaoitazama husema, mwone Cheptoo, haya zake zilivyo, hata mkono anauficha.

Kogo alifariki mwaka jana. Simba alimweka juu ya mlango wake, na kila mgeni aliambiwa jinsi alivyompisha dada yake kwa hiari. Baba Mdogo sasa huitwa kwenye koito za watu kuisimulia habari hiyo, na kila mara hatua anazotembea simba huongezeka. Kipkurui huongeza sehemu ya maombi. Weldon husikiliza, halafu hunitazama kwa muda, na kungoja.

Naandika haya kwenye daftari lile lile, baada ya ukurasa wa magari ya Uswidi. Nitalifungua mezani, nimpe Weldon alisome wakati nachemsha chai, na akimaliza anaweza kumpelekea Baba Mdogo. Simba hakumpisha mtu. Nilimfungua mimi, mara mbili, mara ya kwanza kwa bisibisi na mara ya pili kwa vidole, kwa sababu nilitaka kwenda. Na Datsun, Baba Mdogo, ni ya Japani.